Uzi wa Mguu wa Raisa

Rumonge, Ijumaa baada ya sala

Mdogo wangu mpenzi Zuwena,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na yale maumivu ya mgongo uliyoyataja mwezi uliopita yawe yameanza kukuachia. Ukimaliza kupiga pasi, kaa chini kidogo kabla hujashika kazi nyingine, hata kama tajiri wako ana wageni. Wifi yako Mariyamu anakusalimu sana. Anasema yale maji ya chumvi aliyokuelekeza ni ya kukandia mgongo, si ya kunywa. Simu ilikatika katikati ya maelezo, na tangu siku hiyo hana amani.

Sisi huku hatujambo. Ziwa limerudi nyuma kidogo, na wale waliohama maji yalipopanda wanashuka jioni kuangalia viwanja vyao, wakibishana ukuta wa nani ulikuwa wapi. Wavuvi wamepata ndagala vizuri upande wa Magara, na nyumba nzima inanuka ndagala, maana Mariyamu hajui kununua kidogo. Mimi macho yangu yanavumilia. Tangu nistaafu ualimu watu wa mtaa wananiletea barua zao za ofisini niwasomee, na nikishawasomea nawaeleza, na nikishawaeleza wananiambia wana haraka. Unanijua.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Kwanza, simu zetu hukatika, na jambo hili si la kusikia nusu. Pili, ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne, na kilichomo hakipiti kwenye simu. Tafadhali usiikunjue kabla hujafika mwisho wa barua. Nasema hivyo kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa ukifungua vifurushi vya baba kabla hajavua kofia.

Habari yenyewe ni ya viatu vya Raisa.

Ulipotuachia mwanao alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Sasa ananipita bega, na unajua kwamba mwalimu wao wa michezo, Revokatus, alimchagua pamoja na wasichana wengine wa shule yao ya lise wajiandae kwa mbio za shule, kutoka Gatete hadi uwanjani hapa mjini. Watakaoshinda watakwenda kukimbia Bujumbura. Jioni wanafuata barabara ya lami kando ya ziwa, na siku nyingine anawapandisha Kizuka kwenye njia za udongo katikati ya michikichi. Mwenzake wa kukimbia ni Eliana, binti wa Zabroni anayekamua mawese huko Kizuka. Ni msichana mwembamba, mwenye maneno machache, na akianza kukimbia unadhani anakwenda kudai haki yake. Wawili hao hawaachani. Ukimwita mmoja wanaitika wote.

Uliponiambia kwamba unataka kumnunulia Raisa viatu vya kukimbilia, uliniuliza namba ya mguu wake. Nikakujibu kwamba namba za viatu haziaminiki, kila kiwanda kina yake, na kwamba tufanye kama baba alivyofanya alipokwenda kutununulia viatu vya Idi. Nikachukua uzi wa wavu, nikamsimamisha Raisa barazani, nikaupitisha toka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, nikafunga fundo huku na huku, nikakata. Nikautia kwenye bahasha, nikampa Raisa mwenyewe ampelekee jirani yetu Hadija, aliyekuwa anamaliza likizo na kurudi huko kwenu Maskati. Hadija akakukabidhi, nawe ukaenda dukani na uzi mkononi. Uliniambia jinsi muuzaji alivyokucheka, kisha akaupima kwa heshima.

Viatu vilipofika tulikupigia simu ya picha, na hiyo siku huwezi kuisahau. Vilikuwa vyeupe vyenye mistari ya rangi ya chungwa, vyepesi kama mkate. Mariyamu alivinusa kabla ya kuvishika. Ukamwambia Raisa avae umwone, akavaa, akatembea hadi mlango wa jikoni na kurudi, akacheka. Ndipo ukatuambia kwamba ule uzi hukuutupa, umeuweka ndani ya foronya ya mto wako, na kila unapokwenda kulala unaunyoosha juu ya kiganja chako na kusema, mwanangu amefika hapa. Mariyamu alitoka nje akajifanya anafukuza kuku. Mimi nilisafisha miwani. Raisa aliinamisha kichwa, na sote tulifikiri ni machozi ya furaha.

Baada ya hapo mambo hayakwenda sawa. Raisa alianza kurudi mazoezini akiwa nyuma ya wenzake. Alikuwa anaoga miguu nje kabla ya kuingia, na kuvaa soksi ndani ya nyumba, katika joto hili la Rumonge. Nikimuuliza, anasema amechoka tu. Aliyegundua ni Mariyamu, na aligundua kwenye sala. Unajua tunavyokaa kwenye tahiyatu, vidole vya mguu wa kulia vimekunjwa chini. Raisa alikuwa anakaa upande, mguu ameulaza kama bibi mwenye baridi yabisi. Mariyamu akasubiri amalize dua, akamwambia, "Vua soksi, mutoto." Akakataa. Akamwambia tena kwa sauti ileile. Akavua. Zuwena, ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, na cha pili kilikuwa na lengelenge lililopasuka na kuota lingine juu yake. Kisigino nacho kilichunika.

Nikamwambia viatu vinambana. Akasema, "Hapana Mujomba, hii viatu iko muzuri. Ni miguu yangu njo iko mubaya." Mariyamu akamuuliza tangu lini Mungu anashona miguu kwa kufuata viatu.

Nilijilaumu mimi. Nilimkalisha nikamweleza makosa yote yaliyoweza kutokea katika kipimo changu. Nilipima asubuhi, kabla hajatembea, wakati miguu inavimba kadiri siku inavyoendelea, na mtu anayekimbia inavimba zaidi. Kiatu cha kukimbilia hupimwa jioni. Nilipima mguu wa kulia peke yake, wakati watu wengi wana mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nilipima urefu bila upana, na uzi haujui kitu kuhusu upana. Tena sikuacha nafasi mbele ya vidole. Anayekimbia huhitaji nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, maana kila hatua mguu husogea mbele ndani ya kiatu, na kwenye mteremko wa Kizuka husogea zaidi. Raisa alisikiliza yote hayo akitazama sakafu. Nilipomaliza akasema, "Si kosa lako, Mujomba." Nikaona ni adabu tu ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Jumamosi iliyofuata Revokatus aliniomba nimwangalie Eliana naye kwa habari ya viatu. Eliana alikuwa akikimbia kwa sandali za plastiki alizozifunga kwa mpira wa baiskeli, na siku nyingine pekupeku, na Revokatus alikuwa ameambiwa kwamba Bujumbura hawatampokea mtu asiye na viatu. Eliana mwenyewe alishaanza kusema kwamba ataacha, asaidie kwao kukamua mawese, kwa nini ajichoshe. Basi nikawaita wote wawili hapa nyumbani mchana. Niliwaambia kwamba kabla ya kuchagua kiatu ni lazima uujue mguu, na mguu unajulikana kwa maji.

Nilijaza beseni. Nikamwambia kila mmoja achovye mguu, kisha akanyage saruji kavu mbele ya baraza na kuondoka, tusome alama. Mguu ambao upinde wake wa ndani uko chini huacha unyayo mzima, umejaa. Huo ukikimbia hulalia ndani, na unataka kiatu kigumu upande wa ndani, kiushikilie. Mguu wenye upinde wa juu huacha kisigino na vidole vilivyounganishwa na mstari mwembamba. Huo haulainishi kishindo wenyewe, na unataka kiatu chenye soli nene na laini, hasa kwenye lami. Sikuwaambia jinsi watu wanavyonunua kiatu kwa rangi, lakini nilikaribia.

Raisa akakanyaga. Unyayo ukatoka wote, bapa, kama jani la mkungu. Unakumbuka tulipokuwa tukitoka kuoga ziwani, baba akikemea nani amelowesha baraza, na sote tukijua ni nani kwa sababu ni unyayo wako tu uliokuwa hauna kiuno? Niliuona pale. Nilimwonyesha Raisa, nikamwambia huu ni wa mama yako, na mimi naujua tangu hujazaliwa. Alitabasamu, halafu tabasamu likaondoka upesi.

Eliana akakanyaga. Wake ulikuwa mfupi, na kiuno chake chembamba kama uzi.

Nikachukua kimoja cha vile viatu vyeupe, nikakiweka juu ya unyayo wa Raisa kuonyesha kasoro. Ncha za vidole vya maji zilitokeza mbele ya kiatu. Kisha, ili Eliana naye aelewe nafasi ya mbele inatakiwa iweje, nikakihamishia kwenye unyayo wake. Kikakaa. Kisigino kwa kisigino, na mbele ikabaki nafasi ya kidole gumba changu, nilikiweka nikahakikisha. Soli nene, laini, ya lami. Nikacheka nikasema kwamba kama viatu hivi vingekuwa vya Eliana, basi Mama Raisa angepewa cheti cha kupima, na muuzaji wake pia.

Hakuna aliyecheka. Alama za miguu zilikuwa zinakauka kwenye saruji. Raisa akakaa chini palepale kwenye maji, akaanza kulia, na akasema yote.

Bahasha yangu haikufika kwa Hadija kama nilivyoifunga. Njiani Raisa aliutoa uzi wangu akautupa, akaweka mwingine. Siku moja kabla alikuwa amempima Eliana, akamdanganya kwamba ni zoezi la shule. Aliwaza kwamba akikuomba viatu vya mtu mwingine utaona anakuongezea mzigo, lakini viatu vyake yeye ulikuwa umeshaahidi. Vikifika angesema havimtoshi, na kwa kuwa vimevuka bahari na haviwezi kurudi, sote tungesema basi mpe mwenzako. Hila hiyo aliipanga vizuri kiasi kwamba nilipoisikia nilijiuliza ni mimi niliyemfundisha hesabu au ni nani. Alichosahau kupanga ni wewe. Ulipomwambia kwenye simu avae umwone, akakunja vidole akavaa. Alitaka kusema palepale kwamba vinambana. Kisha ukasema habari ya foronya na kiganja.

Alisema, "Mama analala na muguu ya Eliana, Mujomba. Ningemwambia vipi?"

Tangu siku hiyo aliona njia iliyobaki ni mguu wake uingie, ili uzi uwe wa kweli.

Usifikiri Eliana alifurahi. Alisimama akachukua sandali zake, akamuuliza Raisa ni nani alimuomba. Alisema anapimwa bila kujua kama maiti, na kwamba kwao hawajafika mahali pa kuvalishwa viatu kwa uongo. Eliana alikuwa amefika getini wakati Mariyamu alipotoka jikoni na mwiko mkononi, akamwambia kwamba anaweza kukasirika anavyotaka, ana haki, lakini katika nyumba hii hakuna anayekasirika na njaa, ugali wa muhogo umeshaiva na ndagala ni nyingi kuliko watu. Eliana akasema hali. Mariyamu akasema basi aje awatazame wengine wakila. Alirudi. Mwanzoni alitazama. Baadaye nilipopita walikuwa sinia moja, hawasemezani, lakini Raisa alikuwa anamsogezea upande wenye ndagala kubwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni langu, si la watoto. Zawadi ikishatolewa kwa jina la mtu, kumpa mwingine bila kumuuliza aliyeitoa ni kumvunjia heshima. Hilo sote tulilelewa nalo. Nilikupigia Jumapili, na Jumatatu, simu yako ikawa imezimwa. Najua hapo kwa tajiri wako unaishika siku ya Ijumaa tu. Mbio zilikuwa Alhamisi. Niliamua mimi. Nilimwambia Eliana kwamba viatu si vyake na si vya Raisa, ni vya mwenye kuvituma mpaka atakaposema, na mimi kaka yake namwazima hadi hapo. Kuazimwa alikubali. Ijumaa iliyopita, siku moja baada ya mbio, uliponipigia, swali lako la kwanza lilikuwa viatu vinakwendaje, nikakujibu kwamba vinakimbia vizuri sana. Vilikuwa vinakimbia. Sikutaja miguu iliyokuwa ndani. Simu ikakatika, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliishukuru.

Raisa naye ilibidi apate vyake. Jumanne jioni nilimpeleka sokoni kwa Jamali anayeuza mitumba, tena baada ya kumtembeza kwanza, ili miguu iwe imefikia ukubwa wake. Jamali alitutolea basketi, raba za kukimbilia, za kila rangi akisema kila moja inamngojea Raisa tangu asubuhi. Nikamweleza Raisa kwamba kiatu cha mtumba kina mwendo wa mtu mwingine ndani yake. Unakigeuza, unatazama soli imelika wapi. Kikiwa kimelika upande mmoja, kitakulazimisha ukimbie kama mwenyewe wa kwanza, na humjui alikuwa anakwenda wapi. Unakikunja: kipinde pale vidole vinapokunjika, kikipinda katikati kama kitabu kirudishe. Unakibonyeza nyuma ya kisigino kama kinasimama. Unaangalia upande wa ndani kama ni imara, kwa ajili ya unyayo bapa kama wake. Halafu unavaa vyote viwili, si kimoja, unakimbia. Jamali akasema, "Muzee Amuri, unaoa hiyo kiatu ao unanunua?" Raisa akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Tulichagua jozi ya kijivu, imefifia, isiyo na uzuri wowote. Akakimbia nayo hadi kwenye mashine za kusaga na kurudi, akasema vidole vyake vinapumua.

Alhamisi tulisimama karibu na uwanja, Mariyamu na mimi na nusu ya mtaa. Nilianza kuviona viatu kabla sijauona uso wa aliyevaa, vile vyeupe vyenye rangi ya chungwa, mbali kwenye lami, peke yake mbele. Jirani mmoja akapiga kelele, "Raisa huyo," kwa sababu habari za viatu vya Maskati zilishaenea mtaani. Mariyamu akamjibu kwamba avae miwani. Eliana aliingia wa kwanza. Raisa alikuja na kundi la nyuma yake, anakimbia wima, miguu yake yote miwili inafanya kazi, lakini ukucha ulikuwa haujapona na wiki zile mbaya zilikuwa zimeshamla. Hakuchaguliwa. Alilia kidogo, ni haki yake, kisha akaenda kumfungulia Eliana kamba za viatu.

Kwa hiyo Eliana ndiye atakayekwenda Bujumbura, na atakwenda na viatu ulivyovitolea jasho kwa ajili ya mwanao. Hilo nimeliruhusu mimi, na kama limekuumiza, hasira yako iishie kwangu. Raisa anakuogopa, si kwa adhabu, ila anaogopa utahesabu siku zote ulizonyoosha ule uzi kuwa zilipotea. Nilimwambia nitakuandikia na kukueleza, na kwamba mama yake ana akili kuliko mimi, isipokuwa kwenye vifurushi.

Sasa kunjua ile karatasi.

Huo ni unyayo wake. Alikanyaga mawese kidogo kwenye sinia, kisha akakanyaga karatasi, na Mariyamu bado ananinung'unikia kwa sakafu. Mafuta hayatakauka yakapotea kama maji, kwa hiyo utaukuta kama ulivyo, mzima, bila kiuno. Na uzi uliomo nimeupima mimi mwenyewe, jioni, baada ya kukimbia, amesimama na uzito wake wote, miguu yote miwili, nikachukua ulio mrefu. Bahasha sikumpa mtu. Itabebwa na Kaoutar, binti wa Rachidi fundi cherehani, aliyepata kazi huko, nami mwenyewe nitamtia mkononi.

Usiende nao dukani. Viatu anavyo. Huu ni wa kuweka ndani ya foronya. Utaona unapita kiganja chako, Zuwena. Mwanao amefika mbali kuliko ulivyokuwa ukifikiri.

Ule wa kwanza nao usiutupe. Mwenyewe yuko hapa barazani na Raisa wakati namalizia, wanaosha viatu, vyeupe na vya kijivu kwenye beseni moja, na wanagombana nani alimwaga sabuni. Ameniuliza akisalimu aseme salamu ziende kwa nani, maana hajui akuite vipi. Nimemwambia kwa sasa akuite Mama Raisa, mengine mtayapanga wenyewe. Basi anakusalimu.

Mariyamu anarudia kwamba chumvi ni ya kukanda. Raisa anakubusu mikono. Mungu akulinde katika nyumba za watu na akurudishe kwenye hii yako.

Kaka yako akupendaye,
Amuri Shabani